Uzi Mweupe Juu ya Boneti

Sengdao mwanangu,

Bata wako wanne ni wazima. Wa tano nimemla, usinune.

Siku tuliyolibariki gari lenu niliifunga boneti kwa uzi mweupe, nikasema usikatwe mpaka uanguke wenyewe. Kwa hiyo miezi saba mumeo Phonsavat hajapima oili. Juzi tukipanda mlima ulio karibu na mji wa Kasi, taa nyekundu ya oili ikawaka. Akaniuliza:

"Baba, nisimame niongeze oili?"

"Ukiugusa uzi nakukata vidole! Mwanamume mzima unaogopa kijitaa?"

Injini ikagonga kama mtu anayevunja mlango, kisha ikakwama. Chuma cha ndani kikatoboa ubavu wa injini, moto ukalipuka, na lori la saruji lililotufuata likatuparamia. Nilimvuta Phonsavat kwa shati, mguu umebanwa, mfupa uko nje, analia kama nguruwe anayechinjwa.

Daktari anataka kuukata mguu kesho, kabla sumu haijapanda. Phonsavat hataki. Anasema atakusikiliza wewe tu. Dereva aliyekuletea barua hii anakusubiri, panda basi lake sasa hivi.

Amewaambia polisi kwamba alisahau oili mwenyewe. Nilikuwepo, nikanyamaza. Ukifika, nitukane mbele yao.

Baba yako mpumbavu,
Bounthan