Kioo Alichokigusa Winnie

Jumanne, 19 Agosti 2025

Nimerudi jana kutoka msibani Bukoba. Nilikaa siku nne tu. Siku nne! Leo nafungua boksi la darubini hapa chumba cha nyuma cha duka, nakuta kioo kikubwa kimefutwa. Kimefutwa kama sufuria.

Ni Winnie, nani mwingine? Ufunguo nilimwachia kwa shingo upande, kwa sababu Mwalimu Nestory, mwenyekiti wa chama chetu cha anga, alisema tuwaamini vijana wanachama. Haya, tumewaamini. Nimempigia simu, wala hakukataa. Eti Jumamosi wingu la vidudu vya ziwani liliingia kwenye bomba la darubini, vikanata kwenye kioo, akaogopa vitaozea humo. Akachukua pamba na spiriti. "Nilifuta taratibu, Mama." Taratibu! Anagonga mihuri benki siku nzima, sasa anajiona fundi wa vioo.

Miaka thelathini na moja nasaga lenzi za miwani katika duka hili. Kioo kile nakigusa mara moja kwa mwaka, na nikikigusa naanza na bismillah.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimekiosha upya. Maji ya duka la dawa yasiyo na chumvi, tone moja la sabuni ya vyombo, pamba inapita juu bila kukandamizwa. Kisha kinasimamishwa kijikaushe chenyewe. Hakuna kusugua.

Magharibi ilipopita nikapandisha darubini kwenye paa la duka, nikalenga nyota moja angavu. Ina manyoya! Nyota inatakiwa iwe nukta. Hii imetanda pande zote, kama taa ya gari kwenye ukungu. Basi, kioo kimeshakwaruzwa. Mikwaruzo midogo ambayo mchana huioni.

Nimelia kidogo. Halafu nikaona aibu kulia kwa ajili ya ujinga wa mtu mwingine.

Jumatatu, 25 Agosti

Jana tulikuwa Buswelu, uwanja wa shule ya Mwalimu, kupiga picha za nyota. Winnie hachungulii kabisa! Anatoa lenzi ya kuchungulia, anachomeka kamera, anakodolea laptop mpaka tumalize. Mpiga picha asiyeangalia anachopiga. Nikamwambia sisi tuliojifunza kazi tunalenga kwa jicho. Akasema ndiyo Mama, akaendelea kubofya.

Akanionyesha picha za kundi la Nge. Nyota zimetulia, nukta nukta, hakuna manyoya hata moja. Nani asiyejua? Programu hizo. Siku hizi hata bibi harusi wa miaka hamsini wanamtoa makunyanzi yote, anabaki kama yai. Mwalimu akapiga makofi. Mwalimu angepigia makofi hata picha ya kifuniko cha lenzi.

Jumatano, 27 Agosti

Kikao. Tarehe saba Septemba mwezi unapatwa, wote kabisa, na tena jioni jioni, watu wakiwa macho. Mwalimu amealika wazazi, mashehe, wachungaji, afisa elimu. Ameazima na spika. Bila spika yule baba hawezi hata kusalimia.

Huyu ndiye aliyepewa darubini na wafadhili miaka sita iliyopita, na kitabu cha maelekezo kilichosema: elekeza mguu kwenye nyota ya Kaskazini. Akaitafuta wiki nzima! Yeye na walimu wenzake, shingo zimekakamaa, wanatazama upande wa Musoma. Hapa Mwanza nyota ile haionekani, iko chini ya upeo. Mimi, mwuza miwani wa darasa la saba, ndiye niliyekwenda kwa fundi wa kuchomelea pale Buzuruga, akanitengenezea kabari ya chuma ili mguu ulale inavyotakiwa. Tangu hapo darubini inafuata nyota bila kuyumba. Kwenye hotuba zake hiyo kabari huitwa "ubunifu wetu".

Nimewaambia wazi: kioo kimeharibika, na aliyekiharibu yumo humu ndani. Winnie akainamisha kichwa. Na ainamishe.

Jumatatu, 1 Septemba

Mzee Shigela, yule fundi cherehani, amerudisha miwani mara ya pili. Lenzi ya kulia eti imekaa upande, anaona kizunguzungu, sindano inamkimbia. Nimemwambia miwani haina tatizo, ni uzee. Akasema, "Uzee ninao tangu zamani, fundi, kizunguzungu ni cha juzi." Wateja wengine wanakuja dukani kutafuta mtu wa kubishana naye.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeamua. Kama kioo kimekwaruzwa siwezi kukiponya, lakini labda alikisogeza pia alipokuwa anakikandamiza. Nyuma ya kioo kuna skrubu tatu. Nimekaa nazo paani tangu Isha, nalenga nyota, nageuza robo, nachungulia, narudisha. Manyoya hayapungui. Nageuza tena. Mara nyota ikawa mbili! Nikakaza pale ilipoonekana afadhali.

Mgongo unauma. Jicho linatoa machozi. Yule binti amenipotezea wiki tatu za maisha yangu.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeandika barua. Nusu ukurasa, imetosha. Winnie aondolewe chamani, na darubini isiguswe na mtu yeyote bila idhini yangu kwa maandishi. Wakikataa, watafute chumba kingine cha kuitunza, na fundi mwingine. Wampate wapi?

Nimempelekea Mwalimu mwenyewe shuleni. Akaisoma midomo ikitembea. Akasema, "Bi Mastura, huyu binti anakuheshimu sana." Nikamjibu heshima haifuti mikwaruzo. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Ataisoma kwa wanachama kesho, kupatwa kukiisha na mwezi kuachia. Vizuri. Wote wasikie, na afisa elimu akiwepo.

Jumapili, 7 Septemba

Saa tatu na dakika tano usiku. Naandika ofisini kwa Mwalimu. Nimewaambia nakuja kuchukua kitambaa.

Nje watu labda mia tatu. Mwezi ni mwekundu, wote, umening'inia juu ya paa la bwalo, na watoto wameacha kupiga kelele. Kitu kizuri. Naandika haraka.

Kabla haujaliwa wote nilichungulia kama kawaida, jicho la kulia. Pembe za mwezi mbili mbili, ukungu mtupu. Nikajisemea: ona kazi ya spiriti! Nikamwita Mwalimu aone, akasema anaona vizuri tu. Huyo si shahidi.

Halafu kidudu kikaniingia jicho hilohilo. Vimejaa leo, vimefuata taa ya spika. Nikafikicha, likafumba. Foleni ndefu, afisa elimu amesimama nyuma yangu, basi nikachungulia kwa kushoto. Sijawahi kutumia kushoto.

Mwezi mmoja. Pembe yake imekatika safi kama lenzi mpya. Mikwaruzo hakuna! Ila kila nyota pembeni ina mkia, mkia mfupi, yote upande mmoja. Si manyoya. Mkia. Mkia wa upande mmoja haufanywi na pamba. Ni kioo kilichokaa upande, ni skrubu.

Winnie alikuwa ameuona kwenye laptop. Aliniita kando, sauti ya chini, mtu mwingine asisikie. Kaweka picha mbili: ya tarehe ishirini na nne Agosti, nyota nukta, na ya leo, nyota zina mikia. Akaniuliza, "Samahani Mama, kuna mtu amegusa skrubu za nyuma?"

Nikasema, "Nani aguse? Ufunguo ninao mimi."

Nimesema hivyo. Yeye akanitazama, kisha akatazama chini. Afadhali angenijibu!

Hapa ofisini ukutani kuna orodha ya viranja. Nimeziba jicho la kulia kwa kiganja: Malimi, Dorcas, Chenge, majina yote mpaka ya mwisho, na madarasa yao. Nimeziba la kushoto: karatasi nyeupe yenye moshi. Na taa ya dari imevaa duara la rangi.

Najua ni nini. Nimeshawaambia wangapi dukani: mtoto wa jicho, mama, nenda hospitali, usichelewe. Miaka thelathini na moja nawaziba watu macho, moja moja. La kwangu sijawahi kuliziba.

Mjinga mkubwa. Mjinga kupita Mwalimu na nyota yake ya Kaskazini.

Koti la Mwalimu liko hapa kwenye mgongo wa kiti, ameliacha kwa sababu ya joto. Barua imo. Yaani ilikuwemo. Sasa iko chini ya daftari hili. Umri huu, napekua koti la mwanaume!

Kwenye spika Mwalimu anatangaza kwamba fundi wetu Bi Mastura amekwenda kuandaa marekebisho ya mwisho, picha ya kihistoria inakuja. Wanapiga makofi. Mia tatu wanapiga makofi.

Mwezi unaanza kuachia saa nne kasoro dakika nane, na picha ipigwe kabla ya hapo. Kukaza skrubu zile ni kazi ya dakika tano, kwa mtu anayetazama laptop. Mimi siwezi. Nikizigusa tena nitaziharibu zaidi.

Anagonga. Winnie. "Mama, nisamehe nikikusumbua. Ukiniruhusu nizirekebishe, nitazirekebisha. Usiporuhusu sigusi." Hasemi kwa jeuri. Anasema kama mtu aliyekatazwa na anayetii.

Nimeitika: nakuja. Mlango nimeufunga kwa ndani. Bisibisi ya skrubu zile iko mfukoni mwangu, nimeishika tangu nilipoingia; nikimpa, nimekiri.

Anagonga tena. Saa tatu na nusu.