Kijiko Kimezama Kwenye Chesisi

Mama, shikamoo. Ukitoka shamba, maharage yako jikoni, ongeza maji tu. Kuku sijawafungulia, nisamehe.

Sasa nisikilize! Ile pikapu anayotuuzia baba Kilian, baba yangu wa ubatizo, asubuhi nimeingia chini yake na tochi ya simu. Wameipaka rangi nyeusi, mbichi kabisa, imenishika vidole. Nikachokoa chesisi, ile fremu inayobeba gari lote, kwa kijiko cha chai huku simu inarekodi video. Mama, kijiko kimezama! Chuma kinamomonyoka kama ugali wa jana. Miaka yote imebeba samaki wa chumvi kutoka Lipingo, kule ziwani, na maji yake yanachuruzikia hukohuko chini.

Nikamwonyesha baba hiyo video. Akasema, "Ziwa letu maji baridi, hayali chuma. Na Kilian amekusimamia ubatizo, leo atuuzie jeneza?"

Baba Kilian naye, "Mwanangu, toka huko chini, utachafua gauni." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Baba anaishusha mlimani hadi Lipingo kuijaribu. Nimemwomba mara tatu amsubiri fundi. Hataki.

~~Mimi siendi ng'o.~~

Naenda. Nikikaa pembeni yake hakimbizi gari, unamjua.

Simu nimekuachia, ndiyo, mimi! Iko chini ya mto wako. Namba ya siri ni mwaka wako wa kuzaliwa. Tusiporudi, watu wakianza kusema ni mapenzi ya Mungu, waonyeshe ile video.

Kitindamimba wako,
Asteria