Mpira Laini kwa Gari ya Simiyu

Simiyu, wewe mzee wa kusumbua,

Sikuandikii kukulilia. Kulia nililia Bumula siku ile tulikuweka chini, mpaka dada zako wakaniambia nipunguze, ati nawapita. Leo nina hasira na wewe. Na sisi tuliopakwa matope ya mtoni asubuhi moja tukienda kutahiriwa, hatungoji mwenzetu afufuke ndio tumtukane.

Ni hii gari yako. Tuliijenga pamoja hapa Kitale nyuma ya nyumba yako, tukaifunga turbo tuliyoitoa kwa lori lililokufa, ile konokono ya chuma ya kusukumia injini hewa. Ukamwambia Nekesa wako, "Siku ya harusi utafika kanisani na mluzi, watu wa Bumula wadhani ni ndege." Haya, harusi ni Jumamosi. Msichana amekataa magari ya wajomba wake wote. "Nitapanda ya baba," anasema, "na ikikwama nitatembea na shela yangu." Huo ukaidi si wa mama yake.

Na itakwama, bana! Polepole inaenda kama mtu wa heshima. Ukikanyaga mafuta, turbo ikianza tu mluzi wake, inakohoa, inashtuka, inasitasita kama mtu amesahau jina lake. Ukiachilia, inapona. Pale kilima cha Kamukuywa ilinidharau mbele ya punda. Punda, Simiyu, na mitungi ya maji mgongoni, akanipita.

Nimebadilisha plagi. Nimesafisha tangi. Nimeweka pampu ingine ya mafuta, nimekaza kila klipu mpaka vidole vikachubuka. Kila fundi wa Kitale ana dawa yake, na mmoja aliniambia ati gari inataka maombi. Nikifungua boneti hapa nyumbani niwashe, nivute akseleta na mkono, hakuna kitu. Inanguruma tu, inanitazama. Nikifunga boneti niingie barabarani, inaanza upya.

Na kufunga ni sheria yako. "Gari bila boneti ni mzee bila suruali! Funga, watu wasione!" Hata kama ni kwenda kujaribu tu hapo karibu, lazima ukaze na ile waya yako ya ua. Nilikutii ukiwa hai, nikakutii ukiwa udongoni. Mjinga mimi.

Jana nikachoka. Nikang'oa boneti nikaitupia kuku. Mama Nekesa akatoka jikoni, akafungua mlango akaketi mbele. "Shemeji, twende. Leo nataka kuona kinachoua hii takataka kabla haijaaibisha mtoto wangu."

Tukafika Kamukuywa. Nikakanyaga. Mluzi, halafu kikohozi. Nikaanza kukutukana wewe na ukoo wako wote, lakini akanishika mkono.

"Nyamaza. Angalia hiyo mpira. Inaingia ndani kama koo ya Baba Nekesa."

Nikaangalia. Ule mpira wa kuletea turbo hewa kutoka kwa filta ulikuwa umejinyonya, umeshikana, bapa kama ulimi. Nikaachilia mafuta. Ukajaa tena, mviringo, kama hauna habari. Gari ikisimama turbo hainyonyi kwa nguvu hivyo, ni nani angeuona? Yeye aliujua mara moja, kwa sababu ndiye alikaa kando ya kitanda chako akiangalia shingo yako ikizama kila ukitafuta pumzi.

Tukasimama hapo kando ya barabara. Nilitafuta utani, Simiyu. Sikupata.

Halafu nikashuka nikaugusa ule mpira, na utani ukarudi mbio wenyewe. Maana nilikuwa naujua! Ni mpira wa pampu ya maji! Ule laini, wa kupeleka maji shambani! Wewe, mtu ametengenezea wakulima pampu maisha yake yote, kutoka Kachibora mpaka Malakisi. Wewe uliyekuwa ukiwacheka: "Wa kunyonya ni ule mgumu wenye waya ndani! Huu laini ni wa kusukuma! Si hata mtoto anajua?" Ukachukua laini, ukauweka upande wa kunyonya, ukafunika na boneti, ukafunga na waya, ukafa. Hapana, Simiyu. Hapana.

Nilipomwelezea Mama Nekesa, alicheka mpaka akaegemea dashibodi. Hajacheka hivyo tangu tukuzike. Kwa hiyo nakushukuru, lakini kidogo tu.

Leo asubuhi nimeweka ule mgumu. Nimeukata kwa pampu yako mwenyewe ya bustani, na kama una neno, inuka useme. Nimerudi Kamukuywa, nimekanyaga mafuta kutoka chini mpaka juu. Gari imepanda ikipiga mluzi, haijakohoa. Punda nimemtafuta, sijamwona.

Basi lala, mzee. Jumamosi nitamleta Nekesa na mluzi wake, kama ulivyosema. Tukitoka kanisani tutapitia kwako, na hapo kando ya kaburi nitakanyaga mafuta, usikie inavyopumua sasa. Boneti nitaiacha Kitale na kuku. Ukiona aibu, geuka uangalie ukuta.

Ni mimi, wa matope yako,
Barasa