Amplifaya mbili, spika moja

Tunduma, Jumapili, katikati ya Juni. Mwaka wa tatu sasa tangu niondoke Kibondo. Baridi kali, upepo unaleta vumbi la malori hadi ndani ya chai, na mimi nimeamka na hasira niliyolala nayo.

Jofrey ameniunguzia amplifaya.

Ngoja nieleze vizuri. Mimi na Jofrey tunapakia na kushusha mizigo hapa mpakani, na tumepanga chumba kimoja. Mwaka jana nilinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, amplifaya ya zamani, ile yenye taa za kioo ndani. Nguvu yake ndogo, lakini mtu akiimba unadhani amekaa mbele yako. Kwa besi haifai. Besi nikaipa amplifaya yangu nyingine, ya transista. Redio moja, amplifaya mbili, kila moja na spika zake: ya taa inaimba, ya transista inanguruma. Shule sikufika mbali. Haya nimejifunza kwa kuuliza mafundi na kupigwa shoti.

Hayo yote ni kwa ajili ya Baba. Alikuwa mwalimu wa kwaya, na sasa masikio yanamwisha. Redio za siku hizi anasema ni kelele tu, maneno hayashiki. Kaseti za kwaya yake anazo bado. Nilimwahidi atasikia kila neno kabla masikio hayajafunga kabisa. Tiketi ya kwenda kwake Kibondo, ya Jumanne, nilishakata.

Jana nikiwa kazini, Jofrey alifanya sherehe uani, mwanawe amebatizwa. Akataka muziki ufike barabarani. Akachukua nyaya za amplifaya zote mbili, akazifunga pamoja kwenye spika moja kubwa.

"Kaka, gunia likiwa zito si tunaingia wawili?" ananiambia. "Nikajua zitasaidiana."

Zisaidiane. Yenye nguvu imemrudishia mwenzake umeme kupitia njia ya kutolea sauti. Ya transista itapona, fyuzi imekatika. Ya taa imeungua transfoma inayopeleka sauti kwenye spika. Nilifika nikakuta chumba kinanuka, na Jofrey ananikaribisha pilau.

Sikula.

Mama Neema, mwenye nyumba wetu, naye akaingilia. "Punguza hasira, wewe Muha wa Kibondo. Redio tu hiyo, hajafa mtu." Wageni wakacheka. Mimi mgeni kuliko wote, nikaenda kulala, na ndiyo maana namaliza hasira yangu hapa kwenye daftari.

Nimempigia fundi wa Vwawa anayesuka upya nyaya za mota. Anasema transfoma inasukika, ila waya wake mwembamba hana, niusubiri hadi Agosti.

Nikampigia Baba kumwambia nitachelewa. Hakusikia. Nikarudia, nikapaza sauti hadi majirani wakatoka nje kunitazama. Yeye akawa anarudia neno moja: "Sema tena, mwanangu, simu yako mbovu."

Simu yangu si mbovu.

Agosti ni mbali. Amplifaya nitampelekea fundi, akiisuka aisuke. Nyimbo za kwenye kaseti nazijua zote, alinifundisha mwenyewe nikiwa nasimama mstari wa mbele wa kwaya. Nitakaa karibu na sikio lake la kushoto, ndilo lenye nafuu, nimwimbie taratibu, neno kwa neno. Sauti yangu imeharibiwa na vumbi la saruji, atavumilia.

Jofrey sijamsamehe, na sijui nitamsamehe lini. Jumanne napanda basi. Alhamisi nipo Kibondo.