Nyamizi na Mikono ya Mama Yake

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Tabora joto kali, lakini acha nikupe ya leo Kwihara, maana hata sasa siwezi kutulia! Kwenye utafiti wetu wa watoto tulikuwa na Nyamizi, binti mdogo mwenye usonji. Kamera yetu hufuatilia macho, na kidoti chekundu kwenye skrini huonyesha mtoto anatazama wapi. Mama yake alishaniambia, "Haniangalii huyu, dada. Sijui hata kama ananijua."

Tukamwekea Nyamizi video ya mwanamke jirani akimenya karanga. Kidoti kikazurura tu. Tukaweka ya mama yake akimenya vilevile. Usoni hakikufika, ila kiliganda kwenye mikono yake, kikaifuata kila ilikokwenda! Nilipomwonyesha mama yake kidoti hicho, akajishika mdomo. "Kumbe muda wote ananitazama!" Akachukua karanga, akakaa karibu na mwanawe, akaanza kumenya polepole. Nyamizi akasogea, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mama, akakiacha hapo. Mimi nikatoka nje kulia kwa furaha.

Nitakuletea asali ya huku. Msalimie baba, mwambie nimenenepa kwa ugali na mlenda. Nawapenda mno.

Mwanao, Rehema