Mchi na Kadi ya Picha

Baba Happyness,

Magimbi nimeyafunika jikoni, chai ipo kwenye chupa. Shati lako nimeliloweka ili damu isishike. Nenda zahanati wakakushone hapo juu ya jicho. ~~Waambie umeanguka bafuni.~~ Waambie mkeo amekupiga na mchi.

Nilikuagiza laptop yenye kadi yake ya picha, ile inayofungua michoro mizito haraka, maana kazi yangu ni kuchora mipaka ya mashamba kwa picha za droni. Ukaniletea isiyo nayo, eti ni nyepesi na inatunza chaji. Wiki iliyopita mzee Kulet na Boniface walikatana mapanga kule Masanze, kisa ng'ombe wa mzee wameingia kwenye mpunga wa mwenzie. Leo wanaisubiri ramani yangu iwaonyeshe mpaka, na tangu alfajiri imekwama kwenye laptop yako hiyo. Wewe unacheka: "Subiri, mama, itafunguka tu." Hapo ndipo nilipouvuta mchi.

Mbuzi wapewe maji.

Nilipomaliza kukufunga kitambaa niligeuka, nikaikuta ramani nzima imefunguka, hadi vichaka vinaonekana.

Naondoka nayo. Naenda kuwaambia watu wazima waache kupigana.

Mama Happyness