Tumbo Linanisokota

Devota, nimemkosea mwanangu. Goodness yuko wodini, ametoka kupasuliwa.

Tangu jana alikuwa analia, "Mama, tumbo linanisokota." Nikajua anakwepa kupalilia maharage. Nani hajawahi kusokotwa na tumbo? Nikamnywesha dawa ya chango, nikamkabidhi jembe.

Leo asubuhi akatapika kijani, tumbo limevimba kama ngoma!!

Daktari kaniambia, "Mama, utumbo ulijisokota. Kipande kimeoza, tumekikata. Mngekuja jana pengine tungeurudisha tu sawa."

Ulijisokota, Devota. Kweli kweli, kama kamba! Mtoto alinitajia ugonjwa kwa jina lake, mimi nikampa jembe.

Sasa hivi kazinduka. Unajua kaniambia nini?

"Mama, usikasirike. Nikipona nitamalizia yale matuta."